Ahadi ni Deni, Mazoea Je?

Mwaka 2023, miezi mitatu baada ya gazeti nililokuwa nikifanyia kazi kupunguza watu na mimi nikiwamo, nilipigiwa simu na mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Alinisalimia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, akazungukazunguka kidogo kama ilivyo desturi ya mtu mwenye jambo, halafu akasema: "Kaka, kuna tatizo?"

Nilijua anauliza nini. Tangu alipoingia kidato cha tano nilikuwa namtumia laki moja kila mwanzo wa mwezi. Hakuwahi kuniomba, na mimi sikuwahi kumwambia nitatuma mpaka lini. Ilikuwa inaingia tu. Sasa miezi mitatu ilikuwa haijaingia, naye yuko chuo mwaka wa pili, amepanga chumba nje kwa hesabu yenye ile laki ndani yake, na mwenye nyumba ameshaanza kumgongea mlango alfajiri.

Nilichomjibu sipendi hata kukiandika. Nilisema: "Kwani lini nilikuahidi?"

Kukawa kimya. Halafu akasema, "Hukuahidi, kaka. Samahani." Akakata simu.

Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo lililonisumbua. Wahenga walisema ahadi ni deni, na mimi sikuahidi, kwa hiyo sidaiwi. Lakini wahenga haohao walisema mazoea yana taabu, na hawakusema hiyo taabu ni ya nani: ya aliyezoea au ya aliyezoesha.

Msomaji atanivumilia, kwa sababu jibu nililianza kulitafuta mahali pa ajabu. Siku hizo sikuwa na kazi na usingizi ulikuwa haba, nikawa nakesha kwenye intaneti nikisoma miongozo ya prosesa za zamani. Ndiyo, miongozo. Ilianza na geimu. Wale waliokua miaka ya mwanzo ya 2000 wanazikumbuka geimu za kaseti zilizochomekwa kwenye TV, zile za kuigiza mashine ya Nintendo ya mwaka 1983. Kwa mama mdogo Morogoro ilikuwepo moja. Nilitaka kujua ndani yake kulikuwa na nini, nikakuta kulikuwa na nakala ya nakala ya chipu inayoitwa 6502, na kutoka hapo sikurudi mapema.

Lakini tuanzie nyuma zaidi, Aprili 1964, siku kampuni ya IBM ilipotangaza familia ya kompyuta za System/360. Kabla ya hapo kila modeli ya kompyuta ilikuwa dunia yake. Ukibadili mashine, unaandika programu zako upya. IBM wakatangaza modeli sita kwa mpigo, kubwa na ndogo, wakasema programu iliyoandikwa kwa moja itaendeshwa na nyingine. Ndani, mashine hizi hazikufanana. Kilichofanana ni maandishi. Gene Amdahl, Gerrit Blaauw na Fred Brooks walitoa makala mwaka huohuo wakitumia neno ambalo sasa ni la kawaida, usanifu, kwa maana mahsusi: sura ya mashine kama inavyoonekana na anayeiandikia programu, mbali na nyaya na saketi zinazoitekeleza. Kukawa na kitabu kinachoeleza kila amri inafanya nini, na kitabu ndicho kikawa mashine. Chuma kikipingana na kitabu, chuma ndicho chenye makosa.

Sijui kama wapenzi wa fasihi wanaona uzito wa jambo hilo. Tumezoea maandishi yanayofuata kitu: kitu kipo, halafu mwandishi anakieleza. Hapa maandishi yalitangulia, na mashine zilizojengwa miaka ishirini baadaye zilitakiwa kuyatii. Ni karibu zaidi na katiba au mkataba wa ndoa kuliko kitabu cha maelekezo ya jiko la gesi.

Faida yake ni uhuru. Mtengenezaji anakwambia: haya niliyoyaandika nitayatunza, na yaliyobaki ni yangu, nitayabadilisha nikitaka. Bila mstari huo hakuna kinachoweza kuboreshwa, maana kila badiliko litamuumiza mtu fulani mahali fulani. Nilipokuwa nimekaa na simu mkononi nikijitetea kwa "lini nilikuahidi", nilikuwa nimesimama kwenye mstari uleule bila kujua.

Sasa twende kwenye 6502. Chuck Peddle na wenzake walitoka Motorola mwaka 1974, wakahamia kampuni ndogo ya MOS Technology huko Pennsylvania, wakiwa na wazo la prosesa ya bei ya kutupa. Septemba 1975, kwenye maonyesho ya WESCON San Francisco, waliiuza kwa dola 25, wakati wenzao walikuwa wakidai mamia. Peddle alikuja kusimulia kwamba walipanga mitungi iliyojaa chipu, mteja aone mali iko tele, kumbe nzima ni zile za juu. (Wafanyabiashara wa matunda wa kwetu wasijione wako peke yao.) Steve Wozniak alinunua yake hapo, na Apple ya kwanza ikazaliwa humo.

Bei hiyo iliwezekana kwa sababu chipu ilikuwa ndogo: transista kama 3,500, zilizochorwa kwa mkono. Kila transista ilipaswa kueleza inafanya kazi gani pale. Na hapa ndipo kisa chetu kilipo. Amri za 6502 zinatambulika kwa namba ya baiti moja, kwa hiyo namba zinazowezekana ni 256. Mwongozo unaeleza 151. Kuhusu zile 105 zilizobaki, kimya.

Mashine ikikutana na namba ambayo mwongozo haukuitaja, ifanye nini? Kwenye System/360 jibu lilikuwa wazi: inakataa, inaikatiza programu na kupiga kelele kwamba amri hii haipo. Lakini kukataa kunagharimu. Kunahitaji saketi ya kutambua kosa na ya kulishughulikia, na 6502 haikuwa na transista za anasa hiyo. Kwa hiyo haikukataa chochote. Ukiipa namba yoyote, inafanya kitu.

Kitu gani? Si bahati nasibu kama nilivyodhani. Chukua amri mbili zilizomo kwenye mwongozo. Ya kwanza, namba A5 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, inachukua baiti kutoka kwenye memori na kuiweka kwenye rejista A. Ya pili, A6, inaiweka kwenye rejista X. Ukiziandika kwa biti, moja inaishia na 01, nyingine na 10. Saketi inayosoma amri haitazami namba nzima, mara nyingi inatazama biti chache tu. Sasa ipe A7, inayoishia na 11, ambayo mwongozo hauijui. Sehemu ya A inaamka, na sehemu ya X inaamka, na baiti inatua kwenye rejista zote mbili kwa pamoja. Hakuna aliyekusudia amri hiyo. Haikuwahi kuchorwa. Ilitokana na namna mashine ilivyoumbwa, kama mtu ambaye hajawahi kukwambia ni mkarimu lakini hajui kula mbele ya mtu bila kumkaribisha.

Na watu wakaizoea. Waandishi wa geimu za Commodore 64, iliyotumia ndugu wa chipu hiyo, waliitumia A7 na wenzake kwa sababu iliwaokolea muda kidogo, na kwenye geimu muda kidogo ndio geimu yenyewe. Si zote zilifaa. Kumi na mbili kati ya zile namba za kimya zinaigandisha prosesa mpaka uizime na kuiwasha. Nyingine zinatoa majibu yanayotegemea chipu yenyewe na hata joto lake, leo hivi kesho vile. Ila A7 ilikuwa imara. Ukiijaribu mara elfu inajibu vilevile mara elfu.

Baadaye likaja toleo jipya, 65C02, kutoka kampuni ya Bill Mensch, mmoja wa wahandisi wa chipu ya kwanza. Zile namba za kimya zikafanywa zisifanye kitu, na nyingine zikapewa kazi mpya zilizoandikwa. Programu zilizotegemea tabia ya zamani zikavunjika. Na kisheria, tukiruhusu neno hilo, Mensch alikuwa amesimama pazuri kabisa. Lini alikuahidi?

Kwa siku kadhaa kisa hicho kilinifariji. Halafu nikarudi kwa IBM, faraja ikaisha.

Rejista za System/360 zilikuwa na biti 32, lakini anwani za memori zilitumia 24 tu. Biti nane za juu zilipuuzwa. Mwaka 1964 anwani za biti 24, yaani baiti 16,777,216, zilionekana kama bahari. Mashine ileile iliyopiga kelele ikikutana na amri isiyoijua, hapa ilinyamaza. Ukiweka takataka kwenye biti hizo nane, haikusemi. Unajua watu: ukiacha kiwanja wazi bila ukuta, kesho kuna meza ya chipsi. Waandishi wa programu wakaanza kuhifadhi alama zao ndogondogo mle, na waliotangulia kuweka meza ni IBM wenyewe, kwenye mfumo wao wa uendeshaji. Bahari ilipokuja kuwa dimbwi, mwanzoni mwa miaka ya 1980, biti zile zikahitajika kwa anwani ndefu zaidi na zilikuwa zimekaliwa. IBM hawakuwafukuza wakazi. Walijenga mashine yenye hali mbili, ya zamani na mpya, na mpaka leo warithi wa mashine hizo bado wanaweza kuendesha programu ya anwani za biti 24.

Wengine hawakujifunza. Macintosh ya 1984 ilirudia kosa hilohilo, biti nane zilezile. Mwaka huohuo IBM walitoa kompyuta ya mezani yenye prosesa mpya, wakagundua kuna programu zinazotegemea tabia ya ile ya zamani ambapo anwani ikipita mwisho wa memori inazunguka na kurudi sifuri. Wakaweka lango kwenye waya mmoja wa anwani, na funguo ya lango hilo wakaipitisha kwenye chipu inayosimamia kibodi, eti kwa kuwa ilikuwa na pini isiyo na kazi. Nilicheka peke yangu saa nane usiku. Hivyo ndivyo nyumba zetu zinavyojengwa pia, choo kikipitia jikoni kwa sababu shangazi alikuja kukaa wiki mbili akakaa miaka sita.

Kilichoninyang'anya faraja ni hiki. Kulikuwa na kimya cha aina mbili. Kuna kimya cha A7: waundaji hawakukusudia, hawakujua nani anategemea nini, na hawakuwa na transista za kukataa. Na kuna kimya cha zile biti nane: mwenye mashine anaona watu wanajenga, yeye mwenyewe anajenga, na anaendelea kukaa kimya kwa sababu kunyamaza hakumgharimu leo. Wa kwanza anaweza kuuliza "lini nilikuahidi" akaeleweka. Wa pili akiuliza hivyo anakuwa amejificha nyuma ya kitabu.

Na mimi nilikuwa wa pili. Mdogo wangu aliponiambia amepata chumba, aliniambia na kodi. Nilipiga hesabu kichwani nikaona laki yangu imo. Ningeweza kusema palepale, "Mdogo wangu, hiyo usiiweke kwenye kodi, sina uhakika nayo." Fununu za kupunguzwa zilikuwa zimeshaanza kazini. Sikusema. Nilisema, "Hongera, angalia usalama wa eneo." Kukataa kungenigharimu kidogo, aibu ya dakika moja, na sikutaka kulipa.

Kuna pingamizi, na silidharau, maana ndilo tunaloishi nalo wengi wenye umri wangu. Kama kila wema unaorudiwa unageuka deni, nani atathubutu kutoa mara ya pili? Utampa mtu lifti Jumatatu, Jumatano anakusubiri barabarani amekunja uso. Mshahara wa mmoja wetu unakuwa mshahara wa ukoo, na siku ukikatika ukoo mzima unakutazama kama mwizi. Nimewaona wenzangu wakiwa wakali ili wasizoeshe watu, wakitoa kwa vipindi visivyoeleweka makusudi, leo elfu ishirini, miezi minne kimya. Wahandisi nao wana dawa hiyo. Kwenye miongozo ya baadaye utakuta nafasi zilizotajwa kuwa zimehifadhiwa, lazima ziwe sifuri, na mashine nyingine zinagoma ukiweka kingine, ili asiwepo wa kujenga. Ni dawa nzuri kwa mashine. Kwa mtu naona inamuua mgonjwa pamoja na ugonjwa, kwa sababu msaada usioweza kutegemewa si msaada mzima. Mtoto hawezi kusoma kwa pesa ambayo hajui kama itakuja.

Kwa hiyo sidhani nilidaiwa kutuma milele. Hata IBM, ningewalaumu kidogo tu kama wangesema mapema kwamba biti zile watazihitaji. Nadhani nilidaiwa taarifa. Nilidaiwa kumwambia mapema, kabla hajapanga chumba, au walau mwezi ule niliopoteza kazi badala ya kuacha akisie mwenyewe kutokana na simu isiyolia. Huo si wajibu wa ahadi, na ndiyo maana methali ya ahadi haikunisaidia. Ni wajibu unaotokana na kujua.

Mwongozo wa 6502 wa mwaka 1976 una sentensi moja ambayo wasomaji wake wengi huipita. Chipu za mwanzo hazikuwa na amri ya kuzungusha biti kwenda kulia. Mwongozo hauifichi na hautoi visingizio. Unaieleza amri hiyo kama zilivyo nyingine, na kusema itapatikana kwenye chipu za baada ya Juni 1976. Basi. Mtu aliyenunua chipu Machi alijua hana, na alijua lini wenzake watakuwa nayo. Kampuni hiyohiyo ya mitungi yenye chipu mbovu chini! Nimesoma taarifa nyingi kwa waandishi wa habari katika kazi yangu, na ni chache zenye adabu ya sentensi hiyo.

Nilimwona mama mdogo Desemba, nikidhani atanisema. Hakunisema. Alinipikia wali na maharage ya nazi kama likizo zile za shule, nilipokuwa nashushwa stendi ya Msamvu na begi langu nikijua kitanda kipo, sahani ipo, na geimu ya kaseti ipo. Likizo kumi na kitu. Hakuna siku aliyoniahidi kwamba nikija nitakuta chakula, na sikuwahi kupiga simu kuuliza.

Ile geimu bado anayo, juu ya kabati, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Nilisoma kwamba katika nyingi ya nakala zile, waliotengeneza chipu walikosea sehemu ya sauti: mawimbi mawili yalibadilishana nafasi, kwa hiyo muziki unatoka na rangi tofauti na ule wa mashine halisi. Nilitafuta sauti ya mashine halisi nikaisikiliza. Inaonekana imekosewa. Najua kwamba yangu ndiyo mbovu, lakini masikio yalishazoea, na sitegemei yatabadilika.

Kabla ya kuondoka Morogoro nilimwandikia mdogo wangu meseji. Nilimwomba radhi kwa yale maneno ya simu. Nikamwambia sasa napata kazi za vipande, hazitabiriki, ila elfu hamsini kwa mwezi naiweza hadi Juni, na baada ya Juni asiiweke kwenye hesabu yoyote mpaka nimwambie.

Ilichukua kama saa moja. Akajibu: "Nimekuelewa kaka. Juni hii inayokuja?"